Kuukatia uvimbe damu, kuubomolea nyumba, au kuua seli yenyewe: tuchague lipi kwenye limfoma?

"Shikamoo daktari. Naomba unisomee hii." Dada mmoja alinisimamisha kwenye korido ya maabara, akanipa simu yake. Ulikuwa ujumbe mrefu wa WhatsApp, wa aina ile inayozunguka kutoka kikundi hadi kikundi, unaosema ipo dawa inayoufungia uvimbe mishipa ya damu mpaka ukafa kwa njaa. Hakuna kunyonyoka nywele, hakuna kutapika. Mume wake alikuwa ameshamaliza mizunguko miwili ya dripu za limfoma. Swali lake lilikuwa moja: waache dripu watafute hiyo dawa, au waendelee?

Nilimwambia waendelee. Lakini jibu la kwenye korido huwa fupi, na yeye alistahili refu. Kazi yangu ni kusoma vinyama, yaani vipande vidogo vya nyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, chini ya hadubini, na ile mishipa inayotajwa kwenye ujumbe naiona kwa macho yangu karibu kila siku. Ipo kweli. Wazo la kuikata nalo ni la kweli, lina zaidi ya miaka 50. Ila kwenye limfoma wazo hilo lilijaribiwa kwa nguvu zote na likaumiza watu, wakati wazo jirani yake, la kuvuruga zile seli na nyuzi zinazouzunguka na kuubeba uvimbe, limezaa dawa zinazofanya kazi. Mambo haya mawili husimuliwa kama kitu kimoja, na hapo ndipo watu huchagua vibaya.

## Nyumba ya uvimbe

Limfoma, ambayo wengine huiita saratani ya mitoki au ya matezi, ni saratani ya limfosaiti, seli nyeupe za kinga (kubwa kati yake ni za aina mbili, seli za B na seli za T) zenye makao shingoni, kwapani, kinenani, na ndani kabisa ya kifua na tumbo. Mtu akisikia "uvimbe" hudhani ni bonge la seli mbaya tupu. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na uvimbe una nyenzo zake: mishipa ya damu inayouletea chakula na oksijeni, nyuzi za kolajeni na seli zinazozifuma, makrofaji yanayokula mabaki, na seli za T za mgonjwa mwenyewe, zilizokuja kupigana zikaishia kufugwa. Ukiondoa seli za saratani, haya yaliyobaki ndiyo ninayoyaita nyumba. Vitabuni utakuta yameitwa stroma, au mazingira ya uvimbe.

Nyumba hizi hazifanani hata kidogo. Kwenye limfoma ya Hodgkin, seli zenye ugonjwa, zile kubwa zenye viini viwili kama macho ya bundi ziitwazo Reed-Sternberg, mara nyingi ni kama moja tu katika kila seli mia za bonge zima. Nyingine zote ni seli za kawaida zilizoitwa na kushikiliwa pale, na kwenye aina yake moja kolajeni hufuma mikanda minene inayoligawa tezi vipande vipande. Burkitt, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunaifahamu kuliko wengi, ni kinyume chake. Seli za saratani zimebanana, karibu zote zinajigawa, na nyumba ni kama haipo. Kinachokatiza weusi wao ni makrofaji meupe yaliyomeza seli zilizokufa, yametawanyika kama nyota. Ndiyo maana sisi wasoma slaidi sura hiyo tunaiita anga lenye nyota. Na ipo limfoma moja ya seli za T ambayo mishipa imeingia hadi kwenye jina lake, angioimunoblastiki. Ukiitazama, mishipa midogo yenye kuta nene imetawanya matawi kila upande kama mizizi ya mkoko maji yakitoka.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu bila kujua nyumba ni ya namna gani, kulinganisha dawa ni kubahatisha.

## Kukata damu

Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Boston, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe hauwezi kuzidi milimita moja au mbili hivi usipootesha mishipa yake mipya ya damu. Wenzake wengi hawakumwamini. Baadaye utaratibu ulijulikana: seli zikipungukiwa na oksijeni hutoa ishara, na iliyo kubwa kati ya ishara hizo ni protini iitwayo VEGF, inayouamsha mshipa wa jirani uchipue kuelekea kwenye njaa. Utafiti wa jinsi seli zinavyohisi upungufu wa oksijeni ndio uliowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza Tuzo ya Nobel ya mwaka 2019. Dawa ya kuikamata VEGF, bevasizumabu, inayouzwa kwa jina la Avastin, iliidhinishwa Marekani Februari 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa.

Kwenye limfoma matumaini yalikuja mwaka 2008. Watafiti, miongoni mwao Georg Lenz na Louis Staudt, walichambua jeni zilizokuwa zikifanya kazi kwenye vinyama vya wagonjwa zaidi ya 400 wa limfoma ya seli kubwa za B, ile iliyo ya kawaida kuliko zote kwa watu wazima. Wakakuta alama mbili zinazotoka kwenye nyumba, si kwenye seli za saratani. Ya kwanza ilikuwa ya nyuzi nyingi na makrofaji, na wenye alama hiyo waliishi muda mrefu zaidi. Ya pili ilikuwa ya mishipa mingi ya damu, na wenye hiyo walifanya vibaya. Ukisoma matokeo kama hayo, mkono unakwenda wenyewe kwenye mkasi.

Mkasi ukatumika. Utafiti mkubwa wa kimataifa ulioitwa MAIN uliandikisha wagonjwa 787. Nusu walipewa R-CHOP, mchanganyiko wa dawa ulio matibabu ya kawaida, na nusu R-CHOP pamoja na bevasizumabu. Ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Dawa ya kukata damu haikurefusha muda wa kuishi bila ugonjwa kuendelea, na moyo kushindwa kufanya kazi kuliongezeka waziwazi kwa walioipata. Ndani ya R-CHOP tayari mna doksorubisini, ile dawa nyekundu inayojulikana kwa kuudhuru moyo, na moyo wenyewe unaihitaji VEGF ili mishipa yake midogo ijirekebishe. Ukiujeruhi kisha ukauondolea fundi, unaumia mara mbili.

Kwa nini haikufaa hata kuupunguza uvimbe zaidi? Maelezo ninayoyaona yana uzito ni haya. Saratani ya utumbo au ya figo huota mahali pamoja na kulazimika kuvuta damu ije kwake. Limfosaiti ni msafiri. Tezi lilikuwa limejaa mishipa kabla ya ugonjwa, maana ndiko seli hizi zinakopita kuingia na kutoka maisha yote. Seli ya limfoma hailazimiki kuchimba kisima, inakaa kando ya mto. Tena mishipa ni njia ya dawa pia. Rakesh Jain, mtafiti wa Boston, amefundisha kwa miaka mingi kwamba mishipa ya uvimbe imepinda na inavuja, na kwamba ukiifunga ovyo unaizuia hata dripu isifike ndani.

Mishipa mingi kwenye slaidi, basi, ni habari kuhusu ugonjwa. Haikuambii kwamba hapo ndipo pa kupiga. Mgonjwa wa limfoma akiniuliza achague hii, jibu langu ni hapana. Lakini asije mtu akaichukua kauli hii akaenda kumwachisha dawa ndugu yake mwenye saratani ya utumbo mpana, au ya mlango wa kizazi iliyosambaa. Huko bevasizumabu ina kazi yake iliyothibitishwa, na hayo ni mazungumzo mengine kabisa.

Kuna na unga wa gegedu la papa. Pwani papa ni kitoweo chetu na sina ugomvi nacho. Hoja ya wauzaji ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu, kwa hiyo unga wake utaizuia mishipa ya uvimbe. Dondoo la gegedu hilo lilipimwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, katika utafiti mkubwa wa kulinganisha na dawa bandia, na halikuongeza maisha. Pesa ya unga huo ni nauli ya kwenda kliniki mara kadhaa, na naomba sana iende kwenye nauli.

## Dawa iliyoingia kwa mlango wa mishipa

Hapa pana kisa ambacho kila anayefikiria kuchagua anapaswa kukijua. Talidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, na wajawazito wakaitumia kutuliza kichefuchefu. Iliondolewa sokoni 1961 baada ya kubainika kwamba watoto walikuwa wanazaliwa bila mikono au miguu kamili. Waliodhurika duniani wanakadiriwa kuzidi 10,000. Mwaka 1994 Robert D'Amato, akifanya kazi katika maabara ya Folkman, alionyesha kwamba dawa hiyo inazuia mishipa mipya kuota. Kwa njia hiyo ikarudi hospitalini, safari hii kwa wagonjwa wa saratani, na ikazaa mdogo wake, lenalidomidi.

Kumbe kazi yake kubwa haikuwa kwenye mishipa. Mwaka 2010 watafiti wa Japani waligundua kwamba inajishikiza kwenye protini iitwayo serebloni, na mwaka 2014 ikaonekana kwamba serebloni ikishikwa hivyo hupeleka jalalani protini mbili, Ikaros na Aiolos, ambazo seli za B zinazitegemea. Papo hapo seli za T za mgonjwa, zile zilizofugwa ndani ya nyumba, huamka na kuanza tena kazi yao. Dawa moja inampiga mwenye nyumba na kuwaamsha majirani.

Kwenye limfoma ya folikula, ambayo huenda polepole na huitegemea sana nyumba yake, tofauti inaonekana kwa hesabu. Utafiti wa AUGMENT ulichukua wagonjwa 358 wa limfoma za polepole ambao ugonjwa ulikuwa umerudi. Waliopewa rituksimabu, kingamwili inayozishika seli za B, pamoja na lenalidomidi walikaa kwa kipimo cha kati miezi 39.4 kabla ya ugonjwa kuendelea. Waliopewa rituksimabu na kidonge bandia, miezi 14.1. Utafiti mwingine, RELEVANCE, uliwachukua wagonjwa wapya 1,030 na kulinganisha mchanganyiko huo na rituksimabu pamoja na kemotherapi. Matokeo yalikaribiana. Ndiyo kusema kwa folikula kuna nafasi ya kweli ya kuchagua kati ya dripu za kemotherapi na vidonge, na uamuzi huo unategemea umri, figo, kazi ya mtu, umbali wa hospitali na uwezo wa kununua.

Kwenye seli kubwa za B hali si hiyo. Kuiongeza lenalidomidi juu ya R-CHOP kwa wagonjwa wapya wa aina iliyotarajiwa kuitikia hakukuleta faida iliyosubiriwa. Huko imepata nafasi baadaye, ugonjwa ukirudi kwa mtu asiyeweza kupandikizwa uloto.

Na ina bei yake mwilini: hugandisha damu kwenye mishipa ya miguu na kuangusha chembe za damu. Kuhusu mimba sina maneno laini. Ni mdogo wake talidomidi. Mwanamke anayeweza kushika mimba hapewi bila kipimo cha mimba na kinga ya uhakika, na mwanamume anayeimeza atumie kondomu. Mgonjwa asimgawie mtu vidonge vyake, hata ndugu wa damu mwenye ugonjwa huohuo.

## Kuzitoa seli kiotani

Ziko dawa nyingine zinazogusa uhusiano wa seli na nyumba yake, na mbili zinatosha hapa.

Ibrutinibu, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2013 kwa limfoma ya mantili, aina mojawapo ya limfoma ya seli za B, hukata ishara ambayo seli ya B huitumia kung'ang'ania tezini. Kwenye limfoma ya mantili, na zaidi kwenye ile ya limfosaiti ndogo iliyo ugonjwa mmoja na lukemia sugu ya limfosaiti, hutokea jambo linalowatisha watu. Matezi yanasinyaa wiki za kwanza huku hesabu ya seli nyeupe kwenye damu ikipanda, pengine mara kadhaa. Mgonjwa akiiona karatasi ya maabara anadhani ugonjwa umelipuka. Kilichotokea ni kwamba seli zimefukuzwa kiotani zimemwagika barabarani, na mbali na nyumba yao huishi kwa tabu. Wapo watu waliotupa vidonge vilivyokuwa vinawasaidia kwa sababu ya karatasi hiyo. Kama umeanzishiwa dawa ya kundi hili na hesabu imepanda, lakini matezi yamepungua na huna homa, mpigie daktari wako kwanza.

Ya pili ni nivolumabu kwa Hodgkin. Seli ya Reed-Sternberg hujifunika protini inayoziambia seli za T zilizoizunguka zilale. Ukiliondoa shuka hilo, majirani huamka. Katika ripoti ya kwanza, mwaka 2015, wagonjwa 23 waliokuwa wameshindikana kwa dawa nyingine walipewa nivolumabu, na 20 kati yao uvimbe ulipungua. Ni namba ndogo ya watu, lakini nilipoisoma nilisimama. Kwa mtu anayeshinda na slaidi za Hodgkin, ambako seli mbaya ni chache hivyo na majirani ni wengi hivyo, ilikuwa kama kuona kitu ulichokuwa unakikodolea macho miaka yote kikifunguka. Tangu hapo dawa hiyo imesogea mbele, na utafiti uliochapishwa 2024 umeitumia tangu mwanzo wa matibabu, kwa waliogunduliwa ugonjwa ukiwa umeenea.

Nyumba si adui kila mahali, na hili ni muhimu kwa anayesoma majibu yake mwenyewe. Makrofaji mengi kwenye Hodgkin yamehusishwa na hali mbaya zaidi, wakati kwenye seli kubwa za B, kama nilivyosema, nyuzi na makrofaji vilikwenda pamoja na maisha marefu. Ukikuta kwenye ripoti neno kovu, nyuzi au makrofaji, usiliogope wala usilifurahie kabla ya kuona jina la aina ya limfoma lililoandikwa juu yake.

## Kuua seli yenyewe

Hii ndiyo dripu ambayo ujumbe wa simu uliidharau. R-CHOP ni siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni, pamoja na rituksimabu, kingamwili inayoishika protini ya CD20 juu ya seli ya B. Hutolewa kila baada ya siku 21. Mwaka 2002 Wafaransa walichapisha matokeo ya wagonjwa 399 wenye miaka 60 hadi 80. Uvimbe ulitoweka kabisa kwa asilimia 76 ya waliopata R-CHOP, dhidi ya asilimia 63 ya waliopata CHOP peke yake. Baada ya miaka miwili walio hai walikuwa asilimia 70 dhidi ya 57. Hawa ni wazee, na ni ugonjwa ambao usipotibiwa unaua kwa miezi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza rituksimabu kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015.

Mume wa yule dada ana limfoma ya seli kubwa za B. Hakuna dawa ya mishipa wala ya mazingira ambayo ningeiweka mahali pa dripu zake. Nilichomwongezea ni kuuliza kama alipimwa homa ya ini aina ya B kabla ya rituksimabu, kwa sababu dawa hiyo inaweza kukiamsha kirusi kilicholala na kuliharibu ini, na kirusi hicho tunacho kwa wingi ukanda huu.

Burkitt ndiyo inayonyoosha hoja kuliko zote. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958 kwa watoto wenye uvimbe wa mataya. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya watoto hao walipona kwa dozi chache tu za siklofosfamidi, wakati ambapo saratani nyingi za watu wazima hazikuwa na tiba ya dawa. Kituo kilichofunguliwa Kampala 1967 kwa ajili ya ugonjwa huu ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Huu ni uvimbe usio na nyumba ya kubomoa. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na kasi hiyo ya kujigawa ndiyo inayozifanya zife kwa kemotherapi. Mzazi wa mtoto mwenye Burkitt hana cha kuchagua kati ya njia. Anachagua kati ya leo na wiki ijayo, na ajibu leo.

## Ana kwa ana

| Aina | Nyumba yake | Pa kuanzia | Dawa za mazingira |
|---|---|---|---|
| Seli kubwa za B | Hutofautiana. Mishipa mingi ni dalili mbaya | R-CHOP | Ugonjwa ukirudi, kwa baadhi |
| Folikula | Tegemezi sana kwa majirani | Kusubiri kwa uangalizi kama haina dalili; au rituksimabu na kemotherapi | Lenalidomidi na rituksimabu, hasa ukirudi |
| Hodgkin | Karibu bonge zima ni majirani | Kemotherapi, kama mchanganyiko uitwao ABVD | Nivolumabu, ukirudi au mapema inapopatikana |
| Limfosaiti ndogo | Kiota cha tezini na kwenye uloto | Kusubiri kama haina dalili. Ikihitaji tiba, vidonge vya kundi la ibrutinibu vikipatikana | Ndivyo vidonge hivyo |
| Burkitt | Karibu haipo | Kemotherapi kali mara moja | Hakuna |
| Angioimunoblastiki | Mishipa kila mahali | Kemotherapi ya aina ya CHOP | Uliza kituo kikubwa |

Ukitazama mistari yote sita, dawa ya kukata mishipa haimo hata kwenye ule wa mwisho, ambako mishipa ndiyo sura ya ugonjwa.

Kwenye mstari wa folikula watu hukwama kwenye neno "kusubiri". Nawaelewa. Kumwambia mzee wa miaka 70 kwamba ana saratani halafu arudi nyumbani bila dawa kunaonekana kama kumtupa. Lakini kwa asiye na dalili na mwenye matezi madogo, kuanza mapema hakujaonyesha kumwongezea maisha, na anabaki na akiba ya dawa zote kwa siku atakayozihitaji. Kusubiri huko kuna tarehe za kliniki zilizoandikwa. Kama hukupewa tarehe, hiyo siyo kusubiri, kadai tarehe.

## Uchaguzi unaotangulia wote

Jedwali hilo halina maana kama safu ya kwanza imejazwa kwa kukisia. Nyumbani kwetu tezi la shingoni huanza kushukiwa kifua kikuu, na mara nyingi ni kweli ni kifua kikuu. Shida huja pale dawa za kifua kikuu zinapoanzwa bila ushahidi na mtu anazimeza miezi sita huku limfoma ikikua. Hapa kuna njia tatu za kuchukua kinyama, na katika makala haya yote huu ndio uchaguzi ambao mgonjwa ana nguvu nao zaidi.

Sindano nyembamba ni ya bei nafuu, ya dakika kumi, na kwa kutafuta vijidudu vya kifua kikuu inafaa sana. Lakini inavuta seli zilizotawanyika. Inaniletea matofali bila ramani: sioni kama seli zimekaa kwa mafungu ya folikula au zimefumuka zote, sioni mikanda ya kolajeni, sioni mishipa. Majibu ya sindano nyembamba yakisema "hakuna saratani" na tezi bado linakua, hayajakuambia kitu.

Sindano nene hukata vijiti vya nyama, na vijiti vitatu au vinne vizuri hutosha mara nyingi, hasa tezi likiwa ndani ya tumbo au kifua. Kutoa tezi zima kwa upasuaji mdogo ndicho ninachokipenda kuliko vyote kwa utambuzi wa kwanza. Hapo naiona nyumba kuanzia ukuta wa nje hadi ndani. Litolewe tezi kubwa linalofikika, na kama yapo ya shingoni, ya kinenani yaachwe. Ya huko huvimba kwa vidonda vya miguu na kunipotosha.

Prednisoloni, ile steroidi iliyomo ndani ya R-CHOP, isianzwe kabla ya kinyama, isipokuwa mtu anabanwa pumzi na hakuna namna. Inaweza kuliyeyusha bonge kwa siku chache, mgonjwa akapata nafuu na familia ikashangilia, kisha mimi nikaletewa slaidi ya seli zilizokufa ambayo haisomeki. Fomu iandikwe hali ya VVU, muda wa uvimbe, na dawa zilizokwisha kutumika. Uliza kama maabara ina kipimo cha CD20, maana bila CD20 kwenye seli rituksimabu haina pa kushika.

Na tezi likishatolewa, lisikae kwenye spiriti wala kwenye maji ya chumvi mpaka kesho. Likatwe katikati, litumbukizwe siku hiyohiyo kwenye formalini ya asilimia 10 ambayo wingi wake ni mara kumi ya tezi lenyewe, chupa iandikwe jina pembeni na si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Kama ni wewe ndugu unayepewa chupa uilete maabara kwa basi, angalia hayo mawili kabla hujaondoka dirishani, kisha ilete yenyewe na fomu yake pamoja.